Kikwapa cha Soksi

Soksi ya kwanza niliyoifuma mpaka mwisho ninayo bado ndani ya kikapu. Ukiinyanyua mbele ya dirisha, mwanga unapita kwenye matundu mawili, moja kila upande, pale kisigino kinapokutana na mgongo wa mguu. Kila tundu linaingia kidole cha mwisho. Ukiivaa inakwama, ukiivuta kwa nguvu inapita, lakini matundu yanazidi kupanuka. Kwa muda mrefu niliamini kosa ni la mkono wangu, kwamba navuta uzi bila usawa. Sivyo. Lilikuwa kosa la hesabu, na ndilo hilohilo lililoharibu sweta langu la tatu, ingawa ilinichukua mwaka mzima kuona kwamba soksi na sweta vinaugua ugonjwa mmoja.

Tangu nianze nimefuma masweta manne na jozi tisa za soksi. Watu wananiuliza sweta la nini hapa Tongoni, kijiji cha wavuvi kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani, ambako kaskazi likivuma hata shuka ni mzigo. Jibu la kwanza ni watoto wachanga. Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5, na mwili wake mdogo unalipoteza haraka, hata pwani. Mtoto njiti anayelelewa kwa njia ya kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama yake, huvalishwa nepi, kofia na soksi tu. Soksi hiyo ni sehemu ya matibabu. Jibu la pili ni kipupwe: Juni mpaka Agosti kusi likivuma, mzee anayetoka alfajiri kwenda msikitini anaihisi baridi ya sakafu nyayoni. La tatu ni Lushoto, kule Usambara, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako wengi wetu tuna watoto wanaosoma. Kutoka ufukweni mpaka kule ni safari ya siku moja tu, lakini mtoto aliyelelewa kwenye joto letu usiku wa Julai kule hulala amejikunja.

Nieleze maneno yangu kabla sijaingia kwenye hesabu. Huku kwetu kufuma ni neno moja kwa kazi mbili: kroshia, ya kulabu moja, ambayo mama zetu wametandikia makochi na meza za nyumba zote za pwani, na kazi ya sindano mbili au zaidi, ambayo ndiyo ya masweta. Katika hii ya pili kila kitanzi kinapita ndani ya kitanzi kilichokitangulia. Kikitokezea usoni mwa kitambaa nakiita kitanzi cha mbele, kikitokezea mgongoni nakiita cha nyuma. Hakuna kingine. Mapambo yote, mapindo yote ya lastiki na visigino vyote vinatokana na hivyo viwili, pamoja na kuongeza na kupunguza.

Sweta la kwanza, la mtoto mchanga, halina mengi ya kusema ila shingo. Kichwa cha mtoto anapozaliwa kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, na kifua chake ni pungufu kwa sentimita mbili hivi. Mtu mzima hayuko hivyo. Mimi nilichukua umbo la sweta la mtu mzima nikalipunguza lote kwa kiasi kimoja, nikapata shingo nzuri ya kutazama isiyopita kichwani. Dawa ilikuwa kuliacha bega la kushoto wazi na kulitia vifungo vitatu, na kufungia vitanzi vya shingo kwa sindano nene zaidi ili ukingo uvutike. Anayewafumia watoto wachanga aanze na kipimo cha kichwa, kifua kifuate.

Sweta la pili ndilo lililonifundisha kupima. Uzi wake niliupata kwenye mitumba, nami bado nashikilia kwamba soko la mitumba ndilo duka bora la uzi katika mkoa huu. Nyuzi nyingi mpya tunazouziwa madukani ni akriliki. Zina rangi za kupendeza, lakini pwani zinawasha shingoni, na pasi ya mkaa ikizigusa zinalala kabisa wala haziinuki tena. Kwenye mitumba unakuta sweta la pamba tupu kwa bei ya vocha. Kazi ni kulijua. Nachomoa uzi mfupi kutoka ndani ya pindo nauchoma: pamba inawaka kama karatasi, inanukia karatasi, na majivu yake yanapukutika vidoleni, akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Halafu naligeuza ndani nje niangalie ubavuni. Likiwa limepigwa ovaloki nalirudisha, kwa sababu kitambaa kilikatwa kabla ya kushonwa na kila mstari umekatika. Ukilifumua unapata vipande vya uzi visivyozidi upana wa kifua. Ninalolitaka ni lile ambalo ubavu wake umeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, ambapo ukikata uzi mmoja mahali panapostahili, upande mzima unafunguka kama gunia la unga. Kutoka hapo uzi unatoka bila kukatika kuanzia shingoni mpaka pindoni. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, naufunga sehemu nne usijisokote, nauloweka, nauning'iniza na kitu kizito chini. Ukikauka mikunjo yote imetoka.

Uzi huo ulikuwa safi, na bado sweta liliharibika. Maelekezo niliyoyafuata yalisema vitanzi 20 kwa kila sentimita 10. Nilifuma kipande cha majaribio, nikakihesabu, nikapata 20 kamili. Nikaanzisha vitanzi 200 ili nipate kifua cha sentimita 100. Nilipolimaliza lilikuwa na sentimita 91. Sentimita tisa zilikuwa zimepotea na sikujua zilikokwenda.

Zilikwenda hivi. Kipande cha majaribio nilikifuma kwa kwenda na kurudi, mstari mmoja wa vitanzi vya mbele, mmoja wa vitanzi vya nyuma. Badani la sweta nililifuma kwa mzunguko, kwa sindano yenye waya katikati, na ukizunguka hivyo unafuma vitanzi vya mbele peke yake mwanzo mpaka mwisho. Mkono wangu, kama mikono ya wafumaji wengi, hulegeza kitanzi cha nyuma na kukaza cha mbele. Kwenye kipande, mistari iliyolegea ilikuwa inaisaidia iliyokaza, na wastani ukatoka 20. Kwenye badani hapakuwa na cha kulegeza, nikawa nafuma 22. Gawanya 200 kwa 2.2 uone: 90.9. Tangu siku hiyo kitu kitakachofumwa kwa mzunguko nakipimia kwenye kipande kilichofumwa kwa mzunguko, chenye upana wa sentimita 15 angalau, kimeoshwa, kimelazwa kwenye mkeka kivulini mpaka kimekauka, na nakihesabu katikati, mbali na kingo. Kuosha si urembo. Pamba haina mvuto wa sufu; ikilowa inatanuka na kuanguka kwa uzito wake, na sweta la mtu mzima la pamba linapita nusu kilo. Kipande kavu ambacho hakijaoshwa kinakupa namba ya nguo ambayo mtu ataivaa mara moja tu.

Sasa nifike kwenye kwapa.

Sweta la tatu nilimfumia kijana wa dada yangu anayesoma Lushoto. Kifua kilitoka sawa, sentimita 100, vitanzi 200. Mikono ilikuwa na vitanzi 66 kwa juu na 40 kwenye kifundo. Nilifuata hesabu ya asilimia aliyoieneza Elizabeth Zimmermann, mfumaji mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani, ambaye kitabu chake *Knitting Without Tears* kilitoka mwaka 1971: badani ni 100, mkono kwa juu ni theluthi yake, kifundo ni 20, shingo ni 40. Ni hesabu nzuri sana, kwa sababu inakuondoa kwenye utumwa wa vipimo vya watu wa mbali. Ukijua kifua cha mtu na vitanzi vyako kwa sentimita, unajua sweta zima. Ila mahali pamoja nilidharau. Yeye anaacha asilimia 8 ya vitanzi vya badani chini ya kila kwapa, na vingine hivyohivyo kwenye mkono, vikingoja kuunganishwa. Kwangu hiyo ingekuwa 16. Nikaona ni vingi, nikaacha vinne.

Kijana alipolivaa mara ya kwanza alinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati, na sweta lote likapanda mpaka kitovuni. Alisema kwa adabu, "Mama mdogo, linapendeza, ila linanivuta." Nililichukua nikampelekea fundi wa kanzu wa Ngamiani, mjini Tanga, mzee anayekata kanzu tangu sijazaliwa. Hakuwahi kufuma hata kitanzi kimoja. Alilitandaza mezani, akaingiza vidole viwili kwapani.

"Shikamoo, fundi. Tatizo liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nguo yako ina badani, ina mikono, ina kaba. Kikwapa kiko wapi?"

Anayezijua kanzu anajua alichosema. Kanzu ya kukatwa kwa mkono haiungi mkono moja kwa moja kwenye badani. Ubavuni kuna taharizi, na chini ya kwapa fundi anatia kipande kidogo kinachoitwa kikwapa. Badani ni kama bomba na mkono ni bomba jingine, na mabomba hayo yanakutana kwa pembe. Mkono ukiinuka, kitambaa cha chini kinahitaji urefu zaidi kuliko cha juu. Urefu huo lazima utoke mahali. Kama hukuuweka kwapani, nguo itauchukua kiunoni. Kikwapa ndiyo akiba yake. Zile asilimia 8 ambazo nilidhani ni mapendeleo ya mwanamke mmoja wa Marekani zilikuwa kikwapa, kitu ambacho mafundi wetu wamekipa jina na kukikata kwa macho bila kipimo.

Vitanzi vyangu vinne vilikuwa sentimita mbili. Vitanzi 16 ni sentimita nane. Sweta zima lilikuwa limening'inia kwenye tofauti hiyo.

Njiani kurudi Tongoni ndipo soksi ya matundu ilinijia akilini. Soksi nayo ni mabomba mawili yanayokutana kwa pembe, bomba la mguu na bomba la unyayo. Nilipofika nilichukua utepe nikapima mguu wa baba mkubwa, ambaye soksi zilikuwa zake. Penye upana, nyuma ya vidole, mzunguko ni sentimita 22. Lakini utepe ukipita kisiginoni ukazunguka mpaka juu ya mgongo wa mguu, kwa mshazari, unasoma 31. Mguu wote hupita pale kila soksi inapovaliwa.

Nifuatilie hesabu ya soksi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Uzi mwembamba, vitanzi 28 kwa sentimita 10. Soksi inatakiwa iwe ndogo kuliko mguu kwa karibu asilimia 10 ili ishike, kwa hiyo sentimita 22 zinakuwa 20, na 20 mara 2.8 ni 56. Inagawanyika kwa nne, basi pindo la juu linakwenda vizuri, viwili mbele viwili nyuma. Nikifika kisiginoni nusu ya vitanzi, 28, vinapumzika; hivyo ni vya mgongo wa mguu. Kwenye 28 vilivyobaki nafuma kipande cha kwenda na kurudi cha mistari 28, na mwanzo wa kila mstari kitanzi cha kwanza nakihamisha bila kukifuma. Kwa hiyo ukingoni panajipanga vitanzi vikubwa 14 kila upande, kimoja kwa kila mistari miwili.

Halafu kisigino kinageuzwa. Nafuma vitanzi 16, naunganisha viwili kuwa kimoja, nafuma kimoja, nageuka kabla mstari haujaisha. Nahamisha kimoja, nafuma vitano, naunganisha viwili, nafuma kimoja, nageuka tena. Kuanzia hapo panatokea mwanya unaoonekana kwa macho kati ya vitanzi vilivyofumwa na vinavyosubiri, na kila mstari unaufunga mwanya huo na kusogea mbele vitanzi viwili. Kitambaa kilichokuwa bapa kinaanza kujikunja kiganjani kama kikombe. Vikiisha vyote vinabaki 16. Nimefuma visigino kumi na vinane na bado napenda kuitazama hatua hiyo.

Kisha vinaokotwa vile vya ukingoni. Hapa ndipo nilipoharibu jozi ya kwanza. Niliokota 10 kila upande, kwa sababu 14 viliniletea upana ambao macho yangu yaliukataa. Jumla nikapata 16 na 20 na 28, yaani 64, sawa na sentimita 23. Nikautaka uzi wa pamba uvutike kutoka 23 mpaka 31, zaidi ya theluthi. Sufu ingejaribu. Pamba haiwezi, ikafunguka pale palipo dhaifu, kwenye pembe. Siku hizi naokota 14 na kimoja cha ziada pembeni kabisa, kwenye uzi unaounganisha kisigino na mgongo wa mguu, nakifuma kwa kukipotosha ili kijifunge. Ni 15 kila upande: 16 na 30 na 28 ni 74, zaidi ya sentimita 26. Hapo uzi unadaiwa kidogo, nao unalipa. Vile vya ziada, 18, napunguza viwili kila mzunguko wa pili, mara tisa, mpaka virudi 56. Pembetatu ndogo inayobaki kila upande wa mguu wafumaji wa Ulaya wana jina lao kwayo. Mimi naiita kikwapa.

Kisigino cha pamba kinatoboka upesi, hasa kwa mtu anayetembea ndani bila ndara. Jirani yangu mvuvi alinipa kipande cha kamba ya nailoni ya kushonea nyavu. Nikaichambua mpaka nikapata uzi mwembamba kabisa, nikaufuma sambamba na pamba kwenye kisigino na vidoleni tu. Jozi ya nne mpaka ya tisa zote zina nailoni hiyo na hakuna iliyotoboka. Viwanda vya soksi hutumia nailoni kwa sababu hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yangu ilikuwa itumike baharini.

Kuna anayedhani kufuma soksi ni jambo la nchi za theluji lililoletwa kwetu na shule. Historia haisemi hivyo. Soksi kongwe za sindano mbili au zaidi zinazojulikana zimetoka Misri ya zama za Kiislamu, nazo ni za pamba, nyeupe na buluu, zimepambwa mistari na maumbo yenye pembe. Kabla yake, Misri hiyohiyo, watu walitengeneza soksi kwa sindano moja ya tundu; jozi moja nyekundu iliyochimbuliwa Oxyrhynchus iko Makumbusho ya Victoria na Albert, London, na vidole vyake vimegawanywa kama kwato ili mvaaji apitishe mkanda wa kiatu. Hiyo ni soksi ya kuvaliwa na makubadhi. Waliivaa watu wa joto, wenye viatu kama vyetu. Jozi yangu ya kumi itakuwa hivyo, nimeshaanza kuihesabu: vitanzi vya kidole gumba ni 18 kati ya 56, na kati ya kidole na kidole napo patahitaji kikwapa chake.

Sweta la nne nimelifuma kwa yote haya. Vitanzi 200, mikono 66, na 16 kwapani kila mahali panapostahili. Mikono ilipoungana na badani vikawa 268. Nilianza kupunguza nane kila mzunguko wa pili, kama maelekezo yanavyotaka, nikafika 84 vya shingo baada ya mizunguko 46. Nikapitisha uzi kwenye vitanzi, kijana akalijaribu. Kwapa lilikuwa huru lakini mabega yalibanwa: mizunguko 46 kwa kipimo changu ni sentimita 16, na yeye alihitaji zaidi ya 21. Kikwapa kilikuwa kimekula vitanzi ambavyo zamani vilinipa kimo. Nikafumua mpaka kwapani, kazi ya jioni nne. Kisha nikafuma mizunguko 14 bila kupunguza kitu, ndipo nikaanza. Mizunguko 60, sentimita 21 na kidogo. Kifuani nikatia visanduku vya vitanzi vya nyuma ndani ya fremu ya vitanzi vya mbele, kwa kuiga kuta za makaburi ya kale ya hapa kijijini, yale yenye nguzo, ambayo kuta zake zimegawanywa kwa fremu na vibapa vilivyozama. Si pambo gumu, lakini mtu wa Tongoni akiliona analitambua bila kuambiwa.

Mikono niliiunga kwapani kitanzi kwa kitanzi, kwa sindano ya kushonea, isionekane ilipoungana. Mshono huo Waingereza wameupa jina la jenerali wao, Kitchener.

Kijana amerudi likizo wiki iliyopita na sweta lake. Limefuliwa muhula mzima kwa mkono na kuanikwa kwenye kamba, ingawa nilimsihi alilaze. Nimelipima jana usiku. Kifua ni sentimita 101. Kwapa halijapasuka, na akinyoosha mkono pindo linabaki kiunoni. Mikono imerefuka kwa sentimita mbili, ambazo kwa kipimo changu ni mizunguko sita isiyofika. La tano, la mdogo wake, mkono nitaupunguzia mizunguko sita.